Skripti Itajuaje Kama Programu Iliyoiwasha Bado Iko Hai?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Nimetengeneza programu ya mapokezi ya kahawa kwa ajili ya chama chetu cha msingi huku Mbinga. Nimeiandika kwa Python na Tkinter (maktaba ya kuchora madirisha). Ikifunguliwa inawasha skripti nyingine, mzani.py, inayosoma mzani kupitia porti ya /dev/ttyUSB0. Vyote viko kwenye folda ya /opt/mapokezi. Shida yangu ni kwamba programu ikiganda karani anaifunga kwa nguvu, lakini skripti inabaki. Akifungua tena, uzito unakuja wa ajabu: gunia la kilo 48.6 linasoma 8.6, au 486. Nikaweka pgrep (amri ya kutafuta programu zinazoendeshwa) kila sekunde 5 ili skripti ijizime programu isipokuwepo. Mwanzoni haikuiona programu kabisa. Nikaongeza -f, sasa inaiona hata ikiwa imeshakufa. Ghala la pili wanatumia Windows, huko mzani unagoma kabisa kufunguka. Nifanyeje?"

Marahaba. Kabla ya hiyo pgrep, tuanze na namba 8.6, maana hiyo ni kahawa ya mtu. Mkulima amepakia gunia kwenye pikipiki, amepanga foleni tangu asubuhi, halafu kompyuta inampunguzia kilo 40.

Kinachotokea ni hiki. Mzani hautumi 48.6 kama kitu kimoja. Unatuma herufi moja baada ya nyingine: 4, halafu 8, halafu nukta, halafu 6, kisha alama ya kufunga mstari. Kwa kasi ya 9600, ambayo ni ya kawaida kwa mizani, kila herufi inachukua kama milisekunde 1. Linux haizuii programu mbili kufungua /dev/ttyUSB0 kwa pamoja, na herufi iliyokwisha kusomwa na mmoja haipo tena kwa mwingine. Skripti ya zamani, ile iliyobaki baada ya karani kuiua programu, bado imekaa palepale inasoma. Ikidaka ile 4, skripti mpya inapata 8.6. Ikidaka nukta, mpya inapata 486. Kama kwenye logi umewahi kukuta maneno `device reports readiness to read but returned no data`, hiyo ni pyserial, maktaba ya Python ya kusomea porti, inalalamika kwamba imeitwa kusoma, ikafika, ikakuta mwenzake ameshachukua.

Windows ina tabia tofauti: porti ya namna hii hushikwa na mmoja tu, na wa pili hukataliwa kwa `Access is denied`. Ndiyo maana ghala la pili mzani unagoma. Ugonjwa ni uleule, dalili ndizo tofauti, na dalili ya Windows ni afadhali kwa sababu karani anaiona hapohapo. Uzito wa uongo hakuna anayeuona mpaka siku ya malipo.

Kwa hiyo leo, kabla ya lingine lolote, kwenye Linux fungua porti kwa `exclusive=True`. Pyserial itaiwekea porti kufuli, na skripti ya pili itashindwa kufungua badala ya kugawana herufi na ya kwanza. Kufuli hili linawabana wanaoliomba tu, kwa hiyo zima kwanza skripti zote za zamani. Amri ya `fuser -v /dev/ttyUSB0` itakuonyesha nani ameishika porti sasa hivi. Nina hakika utakuta zaidi ya mmoja.

Sasa pgrep. Bila -f, inaangalia jina fupi la mchakato (programu ikiwa inaendeshwa), ambalo kwenye Linux haliwezi kuzidi herufi 15, na programu ya Python kwa kawaida huitwa `python3` tu. Ulitafuta "mapokezi" mahali ambapo pameandikwa "python3", ndiyo maana haikupata kitu. Ulipoweka -f ikaanza kusoma mstari mzima wa amri, na mstari wa skripti yako ni `python3 /opt/mapokezi/mzani.py`. Neno "mapokezi" limo humo. Skripti ilikuwa inajiona yenyewe, inaridhika kwamba programu ipo, na inaendelea kukaa. Hata ungebadilisha jina la folda, siku karani akifungua faili lenye neno hilo kwenye kihariri cha maandishi mambo yatakuwa yaleyale. Jina si kitambulisho.

Wengi wakishachoka na majina huhamia kwenye namba ya mchakato, yaani PID. Programu mama inampa mtoto namba yake, na mtoto anauliza kila baada ya muda kwa `kill -0 4312`. Ishara ya 0 haitumwi kwa mtu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, inakagua tu kama mchakato huo upo na kama una ruhusa ya kuugusa. Ni njia nzuri kuliko jina, lakini ina mashimo. Ukiuliza habari za mchakato wa mtumiaji mwingine unajibiwa kwamba huna ruhusa, na skripti iliyoandikwa haraka inalichukua jibu hilo kama kifo. Mchakato uliokwisha kufa lakini mzazi wake hajapokea taarifa ya kifo chake, ule unaoitwa zombi, bado unajibu kwamba upo. Na namba hurudiwa. Kikomo cha kawaida cha Linux kwa miaka mingi kilikuwa 32768. Kwenye mifumo mipya ya biti 64 yenye systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kimepandishwa hadi 4194304, kwa hiyo kugongana kumepungua sana, ila hakujaisha. Anayelazimika kutumia PID aiambatanishe na saa mchakato ulipoanza, ambayo ni sehemu ya 22 ya `/proc/4312/stat`. Maktaba ya psutil inafanya hivyo yenyewe ukiita `is_running()`.

Kwa ghala lako la Windows nakuomba sana usihamishe `os.kill(pid, 0)` kwenda huko. Kwenye Windows, 0 ndiyo thamani ya `CTRL_C_EVENT`, kwa hiyo badala ya kuuliza hali unajaribu kutuma Ctrl+C. Ukiweka namba nyingine, mbali na hiyo na ya `CTRL_BREAK_EVENT`, Python inauua mchakato papo hapo. Nimeshaona mtu anahangaika siku nzima na programu inayokufa kila baada ya sekunde 5, kumbe muuaji ni skripti aliyoiandika mwenyewe ili imjulishe ikifa.

Njia zote hizo zina kasoro moja ya msingi: zinachungulia. Skripti inainuka, inatazama kama mama yupo, inarudi kulala sekunde 5, na kati ya kutazama na kutazama lolote linaweza kutokea. Kinachotakiwa ni kitu ambacho mama amekishika mkononi na ambacho kerneli yenyewe itamnyang'anya akifa. Kifo chenyewe ndicho kilete taarifa. Na kitu hicho unacho tayari: ni bomba la stdin, njia ya kawaida ya programu kupokea data.

Mama akiwasha skripti kwa `stdin=subprocess.PIPE`, kerneli inatengeneza bomba lenye midomo miwili. Mdomo wa kuandikia anaushika mama, wa kusomea anaushika mtoto. Mama akifa, kwa kufungwa vizuri, kwa `kill -9`, kwa kuishiwa kumbukumbu, au kwa karani kubonyeza "End task", kerneli inafunga kila kitu alichokuwa amekifungua. Hakuna programu inayoweza kusahau kufanya hivyo, kwa sababu si programu inayofanya. Mdomo wa kuandikia ukifungwa, mtoto aliyekuwa anangoja kusoma anapata jibu papo hapo: baiti sifuri, mwisho wa faili. Inafanya kazi Linux, inafanya kazi macOS, inafanya kazi Windows.

Upande wa mama:

```
skripti = subprocess.Popen(
    [sys.executable, "mzani.py"],
    stdin=subprocess.PIPE, bufsize=0)
```

Upande wa mzani.py:

```
import os, threading, time, serial

yatosha = threading.Event()
pigo_la_mwisho = time.monotonic()

def linda_mama():
    global pigo_la_mwisho
    while os.read(0, 1):
        pigo_la_mwisho = time.monotonic()
    yatosha.set()

threading.Thread(target=linda_mama, daemon=True).start()

with serial.Serial("/dev/ttyUSB0", 9600,
                   timeout=1, exclusive=True) as mzani:
    mstari = b""
    while not yatosha.is_set():
        mstari += mzani.readline()
        if not mstari.endswith(b"\n"):
            continue
        tuma_uzito(mstari)
        mstari = b""
```

Hiyo `tuma_uzito` ni kazi yako uliyo nayo tayari, ndiyo maana sijaiandika. Nimetumia `os.read(0, 1)` na si `sys.stdin`, kwa sababu uzi (kazi inayokwenda sambamba ndani ya programu) uliokwama ndani ya `sys.stdin` wakati Python inafunga unaweza kuangusha programu kwa kosa la ajabu dakika ya mwisho. `timeout=1` inahakikisha hata mzani ukiwa kimya skripti inaamka kila sekunde kuangalia kama imeambiwa yatosha, halafu inatoka kwa adabu: inafunga porti, inaachia kufuli. Na ule mstari wa `endswith` usiufute. Muda wa kungoja ukiisha katikati ya namba, `readline` inakurudishia kipande kilichofika, na kipande cha "48." ni uzito wa uongo kama ulivyokuwa 8.6.

Bomba nalo lina mitego, na nitakutajia mitatu ninayoijua kwa kukanyaga. Wa kwanza: mdomo wa kuandikia usiwe na nakala kwa mtu mwingine. Mama akizaa mchakato wa pili unaorithi mdomo ule, basi mama akifa bomba halifungwi, kwa sababu bado kuna mkono mmoja umeushika. Python tangu toleo la 3.4 hairithishi mafaili yaliyofunguliwa bila kuambiwa, kwa hiyo ukitumia subprocess uko salama. Ukitumia multiprocessing kwa njia ya fork, mtoto anatoka na nakala ya kila kitu. Wa pili: skripti ikiwashwa na cron (mpangaji wa kazi za ratiba) au na systemd, stdin yake kwa kawaida huwa tupu. Ikisoma hapo inakutana na mwisho wa faili mara moja, inaamini mama amekufa, inajizima kabla haijapima hata gunia moja. Wa tatu ni wa Windows: usihangaike na pythonw (Python isiyofungua dirisha) ili kuficha lile dirisha jeusi; tumia python ya kawaida na umpe Popen `creationflags=subprocess.CREATE_NO_WINDOW`.

Utakutana na watu watakaokushauri `PR_SET_PDEATHSIG` ya Linux, ambayo ni maombi kwa kerneli: mzazi wangu akifa, nitumie ishara. Ni kitu kizuri, lakini "mzazi" hapo maana yake ni ule uzi uliokuzaa, si programu nzima. Niliwahi kuitumia kwenye programu iliyokuwa inawasha skripti ndani ya uzi wa kitufe. Kitufe kikimaliza kazi yake, uzi unaisha, kerneli inaona mzazi amekufa, skripti inauawa huku dirisha la programu liko wazi mbele yangu. Siku mbili zilikwenda hapo. Kuna na `os.getppid()`: kwenye Linux mzazi akifa namba hiyo inabadilika, ila usiilinganishe na 1, kwa sababu kwenye Ubuntu ya mezani yatima mara nyingi huchukuliwa na systemd ya mtumiaji, yenye namba yake. Hifadhi namba ya mwanzo, kisha angalia kama imebadilika. Kwenye Windows haibadiliki kabisa: inaendelea kukutajia namba ya marehemu, hata kama imeshapewa mwingine.

Vipi kama si wewe uliyeiwasha programu? Mfano skripti inayotakiwa kungoja programu ya mtu mwingine ifungwe ndipo ihifadhi nakala ya data. Hapo huna bomba, lakini bado huna haja ya kuchungulia. Linux tangu 5.3, ya mwaka 2019, ina `pidfd_open`, na Python imeileta kwenye toleo la 3.9 kama `os.pidfd_open`: unapata mshiko wa mchakato wenyewe, si namba yake, na unangoja mpaka mchakato huo ufe. Katika bash, `tail --pid=4312 -f /dev/null` hukaa kimya mpaka mchakato huo uishe. Katika PowerShell ni `Wait-Process -Id 4312`. Faili za bechi za Windows zinazotegemea tasklist (amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa) zina kosa moja ninalolikuta kila mahali: tasklist isipopata kitu inaandika ujumbe, lakini namba inayoiacha ikimaliza (exit code) bado ni 0, yaani salama. Anayeamini namba hiyo ataambiwa programu ipo daima.

Vihariri vya msimbo vimekutana na tatizo lako pia. Kwenye itifaki ya LSP, inayotumiwa na Visual Studio Code kuongea na programu saidizi za lugha, ujumbe wa kwanza kabisa hubeba PID ya kihariri, na imeandikwa kwamba mzazi huyo asipokuwa hai, msaidizi anatakiwa ajizime.

Sasa nirudi kwenye neno moja ulilolipitia haraka: programu "ikiganda". Hapo ndipo hadithi yako inapoanzia, na bomba peke yake halitakusaidia, kwa sababu programu iliyoganda haijafa. Mchakato upo, bomba liko wazi, PID inajibu. Kuwa hai na kufanya kazi ni maswali mawili, na la pili linajibiwa na programu yenyewe tu, kwa kupiga pigo kama la moyo. Ndiyo maana kwenye msimbo wa juu nimeacha `pigo_la_mwisho`. Mama anaandika nukta moja kwenye bomba kila sekunde:

```
def pigo():
    try:
        skripti.stdin.write(b".")
    except OSError:
        mwambie_karani("Mzani umekatika")
        return
    dirisha.after(1000, pigo)
```

Lipige kwa `after` ya Tkinter, ndani ya mzunguko uleule unaochora dirisha. Ukiliweka kwenye uzi wa pembeni, uzi utaendelea kupiga kwa furaha huku dirisha limekufa ganzi na karani anabonyeza bila jibu. Pigo linatakiwa litoke kwenye kiungo ambacho unataka kujua kama kinafanya kazi. Huduma za systemd zenye `WatchdogSec` zinaishi kwa utaratibu huu: huduma inatuma `WATCHDOG=1` kila baada ya muda, ikinyamaza inahesabiwa kuwa imeanguka. Na ona faida ya upande wa pili: skripti ikifa, kuandika kunashindwa, na mama naye anajua ndani ya sekunde moja.

Skripti ikiona sekunde 20 zimepita bila pigo, ifanye nini? Ushauri wangu ni kwamba isiue. Iandike kwenye logi saa na dakika, isitoe uzito wowote mpaka pigo lirudi. Pengine programu inachapa ripoti ndefu na itazinduka yenyewe, na ndani yake kuna stakabadhi ambayo karani hajaihifadhi. Logi hiyo baada ya wiki moja itakuonyesha programu inaganda wakati wa kazi gani, na hapo utaweza kutibu kuganda kwenyewe. Kwa Tkinter dau langu ni kwamba unachapa au unaongea na hifadhidata ndani ya kitufe. Muda upimwe kwa `time.monotonic()` kama nilivyofanya, si kwa saa ya ukutani: kompyuta ikirekebisha saa yake baada ya kupata intaneti, sekunde 20 zinaweza kugeuka kuwa saa 3.

Ukimaliza, jaribu hivi. Weka kwenye mzani kitu ambacho uzito wake unaujua. Fungua programu, soma uzito, kisha kwenye terminali iue programu mama kwa `kill -9`. Ngoja sekunde 2, piga `fuser -v /dev/ttyUSB0`: isionyeshe mtu. Fungua tena, soma tena. Rudia mara 10. Kwenye Windows fanya hivyohivyo kwa Task Manager, na angalia porti inafunguka mara ya pili bila kulalamika. Karani akiwa mwepesi wa mkono anaweza kufungua programu mpya kabla ile sekunde moja ya skripti ya zamani haijaisha, kwa hiyo skripti ikikataliwa porti ijaribu tena mara 5, kila baada ya nusu sekunde, ndipo ilalamike.

Halafu kuna kazi moja isiyo ya kompyuta. Uzito ulioingia vibaya tayari umo kwenye hifadhidata. Chukua siku zote ambazo programu iliuawa na kufunguliwa tena, toa orodha ya magunia yaliyosoma chini ya kilo 20 au zaidi ya 100, ulinganishe na daftari la karani. Zile za 486 zitajitokeza zenyewe. Za 8.6 zinahitaji macho, na ya hatari kuliko zote ni ile iliyopoteza herufi ya mwisho, 48 badala ya 48.6, ambayo haitaonekana popote isipokuwa kwenye daftari. Ifanye kazi hiyo kabla ya malipo yajayo, ukiwa na karani aliyekuwa zamu siku hizo, na kila mkulima aliyepunjwa apewe stakabadhi mpya.